Kuchagua ndoana isiyokunjuka, ya kapu wa Naivasha mpaka ya kolekole wa Mombasa

Mpwa wangu alipata kazi Naivasha, shamba la maua, na akifika huko akaanza kuvua. Juzi usiku kanipigia, "Mjomba shikamoo, hebu nisaidie, huku ziwani kuna samaki aitwa kapu, nimemnasa mara tatu na zote tatu kanitoka, nitumie ndoana za huko Mombasa manake nyinyi ndio wenyewe." Mwanzo nikadhani anacheza, kapu mimi nalijua la kwenda nalo sokoni Kongowea. Kumbe ni samaki kweli, mnene, magamba makubwa, ana visharubu pembeni mwa mdomo, na wala si mwenyeji wa Naivasha, alianza kujaa kwenye nyavu za wavuvi wa huko miaka ya mwanzo ya 2000 na tangu hapo ndio habari ya mjini.

Nikamwambia sitakutumia kitu mpaka nione hizo zilizokutia hasara, nipige picha. Kanitumia. Ya kwanza imekunjuka mpaka imekuwa kama msumari uliopinda kidogo. Ya pili imekatika tumboni, pale inapopinda, nusu haipo. Ya tatu nzima kabisa, haina neno, ila ukikuza picha unaona ncha imejikunja kwa pembeni, kitu kidogo mno, unene wa unywele. Nikamjibu mwanangu haya ni maradhi matatu na kila moja lina dawa yake, usimlaumu samaki.

Na ndio nikaona bora niandike yote hapa kuliko kumtumia voisi arubaini.

Kwanza jua ndoana inafeli vipi

Ndoana ni waya tu. Unakatwa, unachongwa ncha, unapindwa, halafu unapashwa moto mkali na kupozwa ghafla ili chuma kikaze, kisha unapashwa tena moto wa chini kidogo ili kisiwe kikavu sana. Ni huo moto wa pili ndio wenye mambo. Ukifanywa ovyo chuma kinabaki kikavu kama kioo, samaki akikata kona moja tu ndoana inalia tak, hiyo ndio ya pili ya mpwa wangu. Moto ukizidi upande wa pili chuma kinalegea na hapo unapata ya kwanza, inayofunguka polepole na wewe huku unahisi samaki bado yuko, yuko, mara uzi mwepesi. Sasa ndoana za bei ya kutupa shida yake haswa si kwamba zote mbovu, la, ni kwamba pakiti moja ina laini na kavu na nzuri zimechanganyika, leo unavua vizuri unaisifia, kesho inakuaibisha mbele ya watu.

Mimi niliaibishwa Timbwani, huku kwetu Mombasa. Kaskazi imetulia, maji yanajaa, nikapigwa na kolekole ambaye mpaka leo nikimtaja nyumbani wanatoka sebuleni. Nilikuwa na uzi mzito mpya, chubwi safi, chambo cha ngisi, kila kitu nimekinunua kwa pesa isipokuwa ndoana, ndoana nilichukua za shilingi tano tano kwenye duka ambalo silitaji. Nilimvuta mpaka nikamuona ubavu ukimeta, na hapo akageuka. Nilipotoa uzi ndoana ilikuwa imenyooka hivi, ungeweza kushonea gunia. Mzee aliyekuwa karibu yangu kaiangalia, kaigusa kwa kidole, kasema "hii si ndoana, hii ni pini ya kilemba", kaendelea na yake.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sawa, lakini jembe halikimbii baharini na mshahara wako.

Dukani, kabla hujatoa pesa

Usichukue pakiti ukaondoka. Mwambie muuzaji kwa adabu, "ami, naomba nizione," wengi hawana neno, na asiyetaka uone bidhaa yake ushajua kwa nini. Mimi naangalia hivi.

Naanza na tundu, pale unapofunga uzi. Watu wote wanakimbilia ncha, mi nasema tundu kwanza. Waya umezungushwa ukarudi kwenye mguu wa ndoana, na pale unapokutana pasiwe na mwanya. Ukiweza kupitisha ukucha hapo, ama uzi mwembamba, iache. Uzi utajisogeza taratibu mpaka kwenye huo mwanya na pembe ya waya itaukata, na wewe utasema samaki alikuwa na meno. Kapu hana hata jino moja mdomoni, meno yake yako ndani kooni ya kusagia, kwa hiyo ukiona uzi umekatika safi karibu na ndoana na ulikuwa unavua kapu, mshuku tundu lako. Ama fundo lako, lakini hilo ni la siku nyingine.

Halafu ncha. Hapa hakuna haja ya macho, iweke juu ya ukucha wa gumba, ilaze kidogo, iburute bila kusukuma. Ikikwama palepale na kuacha mchirizi mweupe, ni kali. Ikiteleza ni butu, hata kama inang'aa vipi. Jaribu tatu nne kutoka pakiti moja, sio moja, manake nishasema zinachanganyika. Ndoana nzuri za siku hizi zinanolewa kwa kutiwa kwenye dawa ya asidi inayokula chuma kidogo kidogo mpaka ncha inakuwa kama sindano, hizo utazijua hata kabla ya ukucha, zinakunasa kwenye nguo ukiwa bado unalipa.

Kile kijino cha nyuma ya ncha, kinachomzuia samaki asichomoke, wengi wanafikiri kikubwa ndio kizuri. Sivyo. Kijino kinatengenezwa kwa kukatwa ndani ya waya ule ule, kwa hiyo kikikatwa kina kirefu umeudhoofisha waya mahali ambapo ushakuwa mwembamba tayari. Nyingi nilizoona zikikatika ncha, zimekatika hapo. Na kijino kinene kinahitaji nguvu zaidi kuingia, samaki mwenye midomo minene anaipata nusu tu halafu anaitema. Chagua kijino kidogo, kimelala, kimekatwa safi. Huko Uingereza kwenye mabwawa ya kapu sehemu nyingi wanataka ndoana isiyo na kijino kabisa, manake wenzetu wanamvua, wanampiga picha, wanambusu karibu, wanamrudisha majini. Mimi nikirudi nyumbani na hadithi hiyo, mke wangu atanirudisha mimi majini.

Mwisho angalia tumbo la ndoana, ule mpindo. Pitisha kidole pembeni, kama ubavu umekuwa bapa, si wa mviringo, ujue imepigwa baada ya kupindwa, na hiyo inakuwa na nguvu zaidi kuliko waya mviringo wa unene ule ule. Hapo huhitaji kusoma pakiti.

Jina la pakiti nalo usilidharau ila usiliabudu. Mustad wa Norway wanatengeneza ndoana tangu 1877 na hapa pwani hilo jina hata asiyejua kusoma analijua. Gamakatsu na Owner za Ujapani ni kali sana, bei nayo kali. Lakini pakiti ni karatasi tu na karatasi yeyote anaweza kuchapisha, mi nishauziwa jina kubwa lenye herufi moja imegeuka, kwa hiyo ukucha wa gumba hata kwa jina kubwa.

Nyumbani, mtungi wa maji

Hapa ndio siri yangu na haigharimu kitu. Lita moja ya maji ni kilo moja, bas, mtungi wa lita tano ndio mizani yako.

Nyuma ya jiko letu kuna mwarubaini. Nafunga kamba nene kwenye tawi, natengeneza kitanzi, naningʼiniza ndoana kwa tumbo lake kwenye hicho kitanzi, kwenye tundu nafunga uzi mzito ulioenda mara mbili, ule uzi unashika mpini wa mtungi ulio tupu. Halafu natia maji kwa kikombe, taratibu, huku naangalia mwanya kati ya ncha na mguu. Ndoana nzuri itafunguka kidogo kama inapiga mwayo na ukitoa mzigo inarudi ilivyokuwa. Ikifunguka ikabaki wazi, hiyo laini. Ikiruka vipande, hiyo kavu. Na inaruka kweli, kaa pembeni, vaa miwani hata ya jua, watoto wafungie ndani, siku moja shangazi alipita na beseni la nguo ikaruka, nikaona roho yangu ikitoka.

Kisha kuna jaribio gumu zaidi, badala ya kitanzi chomeka ncha peke yake kwenye kipande cha mti, mpaka kwenye kijino tu, halafu vuta. Manake samaki sekunde ile ya kwanza ameshikwa na ncha, tumbo la ndoana bado halijafika. Ndoana nyingi zinazopita kwenye kitanzi zinafeli kwenye mti.

Nilipima aina nne za namba 6 (namba nazieleza hapo chini) kwa ajili ya mpwa wangu. Moja ilifunguka mtungi haujafika nusu. Moja ilikatika nilipokuwa naenda kuchota tena, nimegeuka tu nikasikia mtungi chini. Mbili zilibeba lita tano na zikabaki na umbo lake, kati ya hizo mbili moja ilikuwa ya bei ya kati tu, wala si ile ya Ujapani.

Namba zinavyochanganya

Hii inawapiga wengi. Namba ikiwa kubwa ndoana ni ndogo, yaani 10 ni ndogo kuliko 8, 8 ndogo kuliko 6, inashuka hivyo mpaka 1. Ukifika 1 mambo yanageuka, zinaanza zenye mkwaju na sifuri, 1/0, 2/0, 3/0, na hapo namba ikipanda ndoana inapanda. Na hakuna mkubwa wa dunia anayewapangia, namba 6 ya kampuni hii inaweza kuwa sawa na namba 4 ya ile. Kwa hiyo ukienda dukani beba ndoana yako ya zamani mfukoni, kwenye kipande cha sabuni ama sponji, uilinganishe, usibebe namba kichwani.

Mwanya ndio wa kupima zaidi ya urefu. Ukishatia chambo, ncha iwe na nafasi ya kutosha kuingia nyamani. Donge la ugali likijaza mwanya wote ushamlisha samaki bure.

Sasa huyu kapu mwenyewe

Kapu anakula kwa kufyonza. Anainamisha kichwa kwenye tope, anatoa mdomo kama mfereji, anavuta kila kitu, halafu anatema asichokitaka. Kwetu hapa wa kumfananisha naye ni mkizi wa kule Tudor, naye anafyonza matope na anapenda mkate, ila mkizi ana hasira zake anaruka mwenyewe, kapu ana subira ya mwalimu. Akihisi chuma anakitema kabla hujajua kama umetembelewa.

Ndio maana wavuvi wawili wa Uingereza, Lenny Middleton na Kevin Maddocks, karibu na mwaka 1980 wakaja na ujanja wa unywele. Chambo hakichomwi kwenye ndoana kabisa, kinaningʼinia kwenye kauzi kadogo kanakotoka tumboni mwa ndoana, mwanzo walijaribu na unywele wa kichwa kweli, jina likabaki. Samaki anafyonza punje, ndoana tupu inafuata nyuma, akitema ncha iko wazi inamshika mdomo wa chini. Nikamwambia mpwa wangu punje mbili za mahindi yaliyochemshwa zinatosha, sio lazima vile vidonge vya kununua vya wazungu.

Kwa mtindo huo ndoana inatakiwa iwe na mwanya mpana, mguu mfupi ama uliopinda kidogo, na tundu lililoinamia ndani upande wa ncha, ili uzi ukivutwa ndoana ijigeuze yenyewe ncha chini. Namba 6 ama 8 kwa punje za mahindi. Ukitumia donge la ugali la kukumbatia ndoana, panda mpaka namba 4. Rangi bora nyeusi ama kijivu kisichong'aa, ziko zinazopakwa dawa kama ile ya ndani ya sufuria isiyoshika ili zisimetemete majini, nzuri kwa maji maangavu, kwenye maji ya tope ni mapambo.

Na hapa ndio nilipomgundua kosa. Nikamuuliza, unavua kwa rodi ama kwa mkono? "Kwa mkono mjomba, kama tulivyokuwa tukivua Mtongwe." Bas. Ndoana nyingi za kapu zimeundwa kwa mtu wa rodi. Rodi inapinda, inameza mishtuko, na rili inaachia uzi kabla mzigo haujazidi, kwa hiyo wanatumia waya mwembamba makusudi unaoingia kirahisi. Mkono haupindi. Kapu wa kilo tano akijitupa na wewe umezungusha uzi kiganjani, mzigo wote unaenda kwenye ndoana kwa mkupuo mmoja. Anayevua kwa mkono achukue ya waya mnene zaidi, ubavu bapa, hata kama itahitaji kuchomekwa kwa nguvu kidogo, na ajifunze kuachia uzi upite vidoleni badala ya kushindana. Nilimtumia za namna hiyo. Nikamwambia pia aangalie nyuma, ziwa hilo lina viboko na kiboko hajali una ndoana namba ngapi.

Za kwetu hapa, kwa haraka

Tafi ana kidomo kidogo cha kutafuna majani, namba 10 mpaka 8, waya mwembamba, mwani ama unga. Changu mdomo wake mgumu, ncha kali kuliko unene, namba 4 mpaka 1. Tewa anameza kitu kizima kizima na kukimbilia pangoni, yeye mpe 4/0 kwenda juu na waya mnene, na kama unapata ile ya duara ambayo ncha imegeukia ndani, chukua. Hiyo huivuti kwa kishindo, unaacha uzi ukaze wenyewe, inateleza mpaka kwenye kona ya mdomo na kushika hapo, samaki hajaimeza tumboni na kasa akiipitia ana nafuu kuliko ya kawaida. Wavuvi wengi wanaikataa kwa sababu mkono umeshazoea kupiga, ukipiga inatoka. Mzia ana meno, hata ndoana ya dhahabu haikusaidii bila kipande cha waya mbele yake. Kolekole, soma tena juu huko.

Ukivua karibu na Nyali na Bamburi kumbuka ndani ya hifadhi yenyewe ya baharini kuvua hakuruhusiwi, ni lile eneo la akiba la nje ndio mshipi wa kienyeji unaruhusiwa. Uliza wavuvi wa bandari yako mpaka uko wapi.

Kutu

Bara hawaelewi mambo ya kutu. Hapa hata mlango wa gari unaliwa na kutu ukiwa bado na hamu ya kulinunua. Ndoana za chuma cha kaboni ndio kali na ndio ngumu, lakini zinategemea ile rangi ya juu, ikikwaruzika imekwisha. Zile za chuma kisichoshika kutu zinadumu, ila kwa kawaida ncha yake haikai kali muda mrefu, na uzi ukikatika samaki anabaki na pambo mdomoni kwa muda mrefu. Mimi kwa bahari natumia zilizopakwa bati, ziwani mpwa wangu hana haja, nyeusi za kawaida zinatosha kwa maji baridi. Kama unataka kujua mipako ya dukani ni ya kweli, tia ndoana moja kwenye kifuniko cha soda na maji ya bahari, lala. Asubuhi kikiwa na rangi ya chai ushajibiwa.

Na usirudishe ndoana iliyoguswa na maji ya chumvi kwenye boksi la mpya. Moja tu inaambukiza zote, nilipoteza pakiti tatu kwa ujinga huo. Ioshe kwa maji ya bomba, iache ikauke kabisa, boksi litie kijipakiti kile kinachokuja na viatu vipya. Mafuta usipake, harufu inakaa.

Ukivua kwenye mwamba kama pale Mama Ngina, jaribu ukucha kila ukigusa jiwe, si kila siku, kila ukigusa. Ncha ikijikunja kidogo unaweza kuinyoosha kwa tupa laini, viharakati viwili vitatu kuelekea ncha, lakini ukishapiga tupa umeondoa rangi na kutu itaanzia hapo hapo, kwa hiyo hiyo ni ya kumalizia siku tu. Iliyofunguka usiirudishe kwa plaizi. Chuma kikishakunjuka kimekunjuka, utakirudisha umbo lakini hutakirudisha nguvu, na samaki mkubwa ndiye atakayekuja siku hiyo, wallahi huwa hivyo.

Zilizokufa msitupe ufukweni, watoto wanatembea miguu mitupu na maji yakijaa zinafukiwa mchangani hazionekani. Mimi natia kwenye chupa ya maji ya plastiki niliyoifunga kwa waya mlangoni mwa stoo. Ile ya Timbwani iko humo, chini kabisa, imenyooka.